Niliwauliza wazee habari za reli, wakanipa habari za bia

Kosa langu la kwanza nililinunua kwa pesa taslimu: bia kumi na nne, nyama choma kilo mbili na ndizi za kuchoma, katika baa moja isiyo mbali na stesheni ya zamani hapa Dodoma. Ilikuwa Ijumaa jioni. Wazee watano wastaafu wa reli walikuwa wamenizunguka, simu yangu iko katikati ya meza inarekodi, nami nimekaa nikijiona mtafiti kweli kweli. Kufika saa nne usiku nilikuwa na saa tatu na ushee za sauti. Kesho yake nilipoweka spika masikioni nikakuta muziki wa baa, chupa zikigongana, mzee mmoja akirudia mara nne kisa kile kile cha simba aliyelala kwenye njia karibu na Itigi, na ubishi mrefu kuhusu timu ya Reli ya Morogoro, nani alikuwa kipa na nani alimfunga nani. Kuhusu nilichokuwa nakitafuta, hakuna hata dakika kumi.

Naandika haya kwa sababu tangu nimalize ule utafiti wangu wa chuo kuhusu watu wa reli wamenifuata vijana watatu, mmoja anataka kuandika habari za babu yake wa mkonge, wawili za reli, na wote wamepanga kuanzia pale pale nilipoanzia mimi. Baa.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili, na mada niliyojichagulia ilikuwa starehe za wafanyakazi wa reli wa Dodoma tangu ukoloni hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Sikuichagua kwa usomi. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa genge, wale wanaokaza boliti, kubadili mataruma na kushindilia kokoto juani. Alitoka Unyamwezi, akapewa kipande cha njia upande wa Kikombo, akaoa Mgogo, akahamishiwa mjini na kufia mjini. Nilikua nikisikia kwamba babu "alikuwa mtu wa watu", na katika familia yetu maneno hayo maana yake ni kwamba alikunywa.

Mji wenyewe umezaliwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika hapa 1910, wakaigusa Kigoma 1914 vita ikiwa mlangoni. Hadi leo kuna kata inaitwa Tambukareli, na jina hilo halihitaji kamusi. Ng'ambo moja maduka ya Wahindi na ofisi, ng'ambo nyingine wale waliokuwa wakivuka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Nilidhani nikijua wanaume wale walivyoitumia jioni yao, nimemaliza.

Habari za vibali nazipitia haraka maana zinachosha. Barua ya chuo inakupeleka mkoani, mkoa unakupeleka wilayani, wilaya kwa mtendaji wa kata, mtendaji kwa mwenyekiti wa mtaa. Toa nakala nane za kila barua, kila meza inabaki na yake. Mimi nilitoa tatu, nikapoteza wiki mbili nikizunguka. Tena usiruke ngazi ya mwisho. Mwenyekiti wa mtaa asipokujua, hakuna bibi atakayekufungulia mlango, hata uwe na barua ya nani.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni mafao. Wafanyakazi wengi wa iliyokuwa Jumuiya, wa reli wakiwemo, walidai haki zao miaka na miaka baada ya 1977, wengine wakafa wakidai. Kwa hiyo kijana mwenye begi, kalamu na barua yenye muhuri akiingia kwa mzee wa reli na kusema "nimekuja kuuliza habari za kazi yako ya zamani", mzee anasikia neno moja tu. Nyumba ya pili niliyoingia mzee alinitolea bahasha ya nailoni yenye kila karatasi ya maisha yake, akaipanga juu ya kitanda moja moja, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, wamesema lini?" Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama mwizi. Tangu siku ile, kabla sijakaa, nilikuwa nasema wazi: mimi ni mwanafunzi, sitoki serikalini wala reli, sina fedha, na kazi hii haitamletea mtu mafao. Watatu walinikatalia papo hapo. Afadhali hao.

Sasa turudi baa. Nisiwaonee wazee wangu, kuna vitu walinipa. Walinipa ngazi ya ukoloni ilivyokuwa imepangwa kwenye kinywaji kama ilivyopangwa kwenye mabehewa: Mzungu na klabu yake, Mhindi na Mgoa na klabu yao, Mwafrika na kilabu cha pombe ya kienyeji. Pombe za dukani Mwafrika aliwekewa mipaka kwa sheria. Ndiyo maana, mzee mmoja aliniambia, siku baba yake alipokaa mezani na bia ya chupa kama mtu mwingine yeyote, alirudi nyumbani na ile chupa tupu, ikawekwa kabatini. Hicho ni kisa kizuri na nilikitumia. Walinieleza pia starehe zisizo za kopo: mpira, dansi la Jumamosi, ngoma za beni ambazo wazazi wao walizikuta, zilizopanda na reli kutoka pwani na gwaride lake na vyeo vyake vya kujipachika.

Mwenye maneno kuliko wote alikuwa gadi mstaafu, yaani msimamizi wa treni safarini. Nitamwita hivyo hivyo, Gadi. Aliajiriwa miaka ya sitini, akazunguka na treni za mizigo kati ya Morogoro na Tabora hadi alipostaafu, suti yake ina vifungo vyote hadi leo. Ni yeye aliyenifundisha kwamba mtu wa kwenye treni hakuwa sawa na mtu wa genge. Wa treni alilala leo Dodoma kesho Tabora, alikuwa na posho ya safari, alijulikana kila stesheni. Wa genge aliishi na kipande chake cha njia kama mkulima na shamba. "Na mimi," alisema akipiga meza, "sijawahi kunywa pombe ya mkopo. Kamuulize yeyote." Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari. Nilidhani nimepata heshima ya mwanaume wa reli kwa ufupi.

Nilipeleka sura ya kwanza kwa msimamizi wangu. Ni mama mtu mzima, haongei sana. Aliirudisha na swali moja pembeni kwa penseli: "Mshahara uliisha tarehe ngapi? Baada ya hapo walikula nini?"

Sikujua. Nilikuwa na wanaume kumi na mmoja kwenye rekodi, hakuna hata mmoja niliyemuuliza chakula kilitoka wapi. Nilifahamu majina ya bia za chupa zaidi ya nane na sikujua bei ya debe la mtama.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Bibi yangu yupo hai, anakaa Chang'ombe ya hapa Dodoma, amepita miaka themanini. Ni mtu wa kanisa, tena lile la misheni ya zamani ambayo huku kwetu iliikataa pombe tangu siku ya kwanza, mtu akibatizwa na kibuyu anakiacha mlangoni. Nilikuwa nimesikia mahali, kwa mjomba mmoja aliyelewa, kwamba zamani bibi alipika pombe. Basi Jumapili moja mchana nikaenda na simu yangu, nikamkuta amekaa na mke wa mchungaji na akina mama wawili wa umoja wao, wametoka ibadani. Nikasalimia, "Mbukwenyi", wakaitikia, nikapewa kigoda. Na mimi, kwa akili ya mtu aliyechelewa kuwasilisha sura, nikasema mbele yao wote, "Bibi, ni kweli uliwahi kuuza pombe kota za reli?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinyoosha khanga yake magotini, akasema, "Mjukuu wangu amesoma sana," akawageukia wageni na kuwauliza habari za mahindi. Wiki tano hakuongea nami zaidi ya salamu. Mama alinipigia simu na kunisema kwa namna ambayo sitaiandika. Kubwa nililolishika ni hili: "Umemvua nguo mama yangu kwa ajili ya cheti chako."

Nilipokwenda kumwomba radhi nilichukua sukari, majani ya chai na doti moja ya khanga. Mama akaniambia niache simu nyumbani. Nikaacha.

Nilikaa kwake siku nne za likizo. Sikuuliza kitu. Ulikuwa msimu wa kukausha mlenda, tukachambua majani tangu asubuhi, mikono ikawa kijani. Siku ya tatu nikamuuliza jambo lisilo na hatari, ambalo kwa kweli nilitaka kulijua: mtama mwekundu na uwele, zamani kipi kilikuwa ghali? Akanijibu. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Mtama unaoulizia ni wa ugali au wa kimea?"

Nikasema, "Wa kimea, bibi."

Akanieleza kama anayemfundisha binti. Unaloweka mtama usiku mmoja. Unauchuja, unaufunika kwenye gunia bichi siku tatu hadi uote vijimkia, hicho ndicho kimea. Unauanika siku mbili, jua likiwa kali. Siku ya saba unasaga, unapika uji, ukipoa unautia kimea, unafunika. Siku ya nane inachujwa na kunywewa. Siku ya tisa bado inafaa. Ya kumi imechachuka, hata mlevi anakunja uso. "Kwa hiyo," alisema, "reli ikilipa tarehe 30, mimi mtama wangu umeingia majini tarehe 22. Babu yako hakujua mshahara unakuja lini kama nilivyojua mimi. Yeye alipokea tu."

Hapo niliacha kuchambua mlenda. Miezi minane nilikuwa natafuta tarehe za maisha ya watu wa reli kwenye majalada, kumbe tarehe zimekaa kwenye kimea.

Nilimuuliza kuhusu mgomo wa 1960. Wanaume wote niliowahoji waliujua ule mgomo, wengine kwa kusimuliwa: chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, katibu wake mkuu Kasanga Tumbo, siku 82 bila kazi, mwaka mmoja na ushee kabla ya uhuru. Waliusimulia kama vita. Bibi alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia. Alisema, "Mgomo ulinikuta kimea kiko juani." Mtama wa kukopa. Wateja wake wote ni watu wa reli, hakuna hata mmoja atakayepokea senti mwisho wa mwezi ule. Akina mama wa kota waliitana usiku. Waliamua wasikimwage, wakaubeba mzigo kichwani hadi kwenye vijiji vya nje ambako watu walikuwa na kuku na mbuzi hata kama hawana shilingi, wakabadilishana. Alirudi na kuku sita na kibuyu cha asali. Mwezi wa pili wa mgomo wengine waliuza vyombo. Yeye alibaki na sufuria zake zote, na jambo hilo analisema hadi leo kwa sauti ya mtu aliyevaa nishani.

Siku 82 za mgomo zilivumiliwa na wanaume, hilo halina ubishi. Ila zililishwa na nani, hakuna mzee hata mmoja aliyenitajia pale baa, nami sikuwauliza.

Baada ya hapo nilielewa vizuri kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukitafakari. Mwajiri wa kikoloni alimlipa Mwafrika mshahara wa kapera, na chumba cha kapera, kwa hesabu kwamba mke na watoto wako kijijini na shamba lao. Wakoloni waliondoka, ila hesabu ile haikuondoka siku moja nao. Mke akija mjini kumfuata mumewe alikuwa mtu ambaye hayumo kwenye hesabu. Reli haikumwajiri. Kota ni ya mume, na mume akifa kota inarudi reli, mjane anapewa siku za kufungasha. Kitu pekee alichokuja nacho toka kwao ambacho mji ulikitaka kwa fedha ni kupika pombe.

Na fedha yenyewe ilivyozunguka ndiyo iliyonichekesha. Ilikuwa mwiko mke kumuuzia mumewe, maana hatalipa. "Babu yako alikunywa kwa jirani," bibi alisema, "na mume wa jirani alikunywa kwangu. Hela ni ile ile, inavuka uchochoro tu." Mwanaume alijua kabisa kwamba sehemu ya mshahara wake inaingia kwenye khanga ya mwanamke wa nyumba ya pili, na sehemu ya mshahara wa jirani inaingia kwenye khanga ya mkewe, na kwamba tarehe 15 ugali utatoka humo. Haikusemwa. Kama ingesemwa, mwanaume angetakiwa kukiri kwamba analishwa.

Aliniletea kopo lake la kupimia. Amelihifadhi chini ya kitanda ndani ya mfuko wa rambo. Ni kopo la bati nene, la lita moja kwa kukadiria, na mkono wake umechomelewa vizuri mno kwa kopo la pombe: fundi mmoja wa reli aliutengeneza kulipia deni lake. Ukingo umekwanguka kwa kusuguliwa na majivu. Kitako kimebonyea kwa ndani, kwa hiyo likijazwa hadi juu halijajaa. Nilimwangalia. Akasema, "Lilianguka."

Kama ningeishia hapo ningeandika kitabu cha akina mama mashujaa, na nawaonya wenzangu, kishawishi hicho ni kikubwa kama cha baa. Siku ya nne jioni bibi alinieleza habari ya jirani yake, mwanamke aliyekuwa akipigwa kila mwisho wa mwezi. Kota zile ukuta ulikuwa mmoja, kila kitu kinasikika. Mume yule alikuwa mteja wa bibi. Anakunywa hapa, anavuka hatua ishirini, kisha bibi anasikia. "Mimi niliuza kilichompiga mwenzangu," alisema. "Asubuhi nampelekea uji. Mwisho wa mwezi nampimia mumewe tena. Ningemkatalia angekwenda nyumba ya tatu. Lakini sikumkatalia." Nilimuuliza kama ndiyo sababu aliacha. Akasema aliacha alipookoka, na kuokoka kuna sababu nyingi. Hakutaka kuendelea. Sikuendelea.

Miezi miwili baadaye alinipa ruhusa ya kuandika, kwa masharti: jina lake lisiwemo, la jirani lisiwemo, na mke wa mchungaji asisomewe. Nyumba za wanawake wengine niliingia na mama yangu mdogo, ambaye ni mtu wa upatu na anajulikana Chamwino yote. Mwanaume peke yake na daftari hafiki mbali kwenye ua wa wajane. Mama mdogo alikuwa anaanza yeye, mimi nakaa mkekani nafanya kazi yoyote iliyopo, kupukuchua, kupepeta, kushika uzi. Maswali yalikuwa mawili matatu: mshahara uliingiaje nyumbani, uliisha lini, mliishije. Pombe ilijitokeza yenyewe, au haikujitokeza. Walikuwepo waliouza maandazi, waliosuka ukili, waliolima bondeni. Na walikuwepo waliokwenda mbali zaidi ya pombe ya mtama, wakachemsha gongo, ambayo ni kosa la jinai jana na leo. Hao sikurekodi sauti hata kidogo. Niliandika nikiwa nimerudi nyumbani, bila mtaa, bila mwaka kamili. Mtoto wa mtu anaweza kuwa askari leo.

Kuhusu vifaa, niseme tu kwamba nilipoteza rekodi mbili nzuri kwa kupigiwa simu katikati ya mazungumzo, na moja kwa flashi iliyoungua. Zima mtandao, na usilale kabla hujahamisha sauti sehemu mbili. Nenda asubuhi, kabla jua halijawachosha wazee. Peleka sukari, usipeleke bia. Mzee akiwa na bia mkononi anasimulia kwa ajili ya wenzake waliopo mezani. Usiku ule wa baa hakuna aliyekuwa anaongea nami.

Kwa hesabu ya haraka, nauli za bodaboda, sukari, khanga, nakala na kumlipa kijana aliyenisaidia kuandika sauti za Kigogo vilinimalizia akiba ya mwaka mzima. Karibu theluthi yake ilikwenda kwenye ile miezi ya kwanza isiyonipa kitu.

Nilipowarudia wale wazee, mmoja mmoja, nyumbani kwao, chai mezani, niliwauliza swali la msimamizi. Wawili walisema mshahara ulitosha na wakabadili mazungumzo. Mmoja, aliyekuwa mpanga njia za treni stesheni, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema watoto wake wanne wote walisomeshwa na mkewe, kwa pombe, tangu darasa la kwanza. "Fomu za shule nilijaza mimi," akasema. "Palipoandikwa kazi ya mama, niliandika hana."

Gadi naye nilimkuta anapiga pasi. Habari za mkewe hakuzigusa, ila aliposikia bibi yangu ni nani alishika kiuno akacheka. "Yule mama wa kota za chini? Yupo? Nisalimie sana."

Nikafikisha salamu. Bibi alikuwa anachambua mchele. "Huyo," akasema, "bado makopo kumi na saba. Tangu Jumuiya haijavunjika."

Nilifikiria sana kama nimpelekee Gadi ujumbe huo. Kumbuka, mtafiti hatakiwi kupeleka maneno ya nyumba moja kwenye nyumba nyingine. Lakini bibi aliniuliza kila simu, "Umemwambia?" Mwisho nikamwambia. Gadi hakubisha hata kidogo. Aliniuliza tu kopo siku zile lilikuwa senti ngapi, nikamjibu hilo akaulizane na mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuja Chang'ombe na suti yake na vifungo vyake vyote, nyuma yake bodaboda imebeba debe la mtama mwekundu. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana waliokufa. Kisha bibi akaingia ndani, akatoka na kopo, akakaa chini na kuanza kupima mtama ule kwenye ungo, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba akasimama, akamsogezea Gadi debe na kilichobaki.

Gadi akaomba kopo alione. Akaligeuza, akaingiza kidole ndani, akapapasa kile kitako kilichobonyea.

"Lilianguka," bibi akasema.